Herufi ya Mwisho Katika Mfereji wa Hezekia

Mnazijua habari za birika la Siloamu, alikotumwa yule kipofu akanawe (Yohana 9). Nami nalijaliwa kufika Yerusalemu, nikaingia katika mfereji uletao maji huko, ambao watu wa mfalme Hezekia waliuchonga mwambani yapata miaka 2,700 iliyopita. Urefu wake ni mita 533. Giza ni kuu, maji hufika magotini, na mtu mrefu sharti ainame. Mimi nalijigonga kichwa mara mbili.

Karibu na mwisho wa mfereji ndipo andiko la wachongaji lilipoonekana mwaka 1880. Jiwe lenyewe liko Istanbul. Lasimulia jinsi walivyoanza pande mbili, hata wakasikia sauti za wenzao ng'ambo ya mwamba. Herufi zake si hizi za mraba za Biblia ya Kiebrania, ambazo Wayahudi walizishika baada ya uhamisho wa Babeli. Na Tau, herufi ya mwisho, ni mistari miwili iliyopitana, mfano wa msalaba.

Basi katika Ezekieli 9:4, alama iliyotiwa katika vipaji vya nyuso za waliougua kwa ajili ya machukizo ya mji, kwa Kiebrania huitwa tau. Origen na Jerome, walimu wa Kanisa la kale, waliandika kwamba Tau ya zamani ilifanana na msalaba.

Hapa yanipasa kuungama. Miaka mingi naliwaonyesha wanafunzi wa ubatizo Tau ya mraba, nikisema, "Tazameni msalaba." Kijana mmoja akauliza, "Mwalimu, mbona una miguu miwili kama mlango?" Nikamnyamazisha. Kumbe aliona vema!

Wala sidhani yule mchongaji alikuwa akitabiri. Aliandika herufi tu, kama alivyofundishwa. Lakini neno lilo hilo limo katika Ayubu 31:35, na maana yake ni sahihi ya mtu. Nikamkumbuka bibi yangu, asiyejua kusoma. Siku ya ndoa yake aliambiwa atie alama katika kitabu cha kanisa, akapiga mistari miwili iliyopitana. Ingalipo hata leo.

Naliporudi nalimtafuta yule kijana, ambaye sasa ni mwalimu. Nikamwandikia Tau zote mbili ubaoni, nikamwomba radhi. Akacheka, akaniomba chaki.