Nani Anahesabu Risasi? Kati ya Montana na Liwale

Katika maduka ya vifaa vya uwindaji hapa Missoula, jimbo la Montana, baruti inauzwa rafuni kwenye makopo ya ratili moja, hatua chache kutoka zilipo soksi za sufu. Fataki, yaani viwashio vya baruti, unaziomba kaunta. Hakuna fomu ya kujaza wala daftari la kusaini. Sheria ya shirikisho haimdai leseni mtu anayejitengenezea risasi za matumizi yake. Leseni inadaiwa akianza kutengeneza za kuuza. Mtanzania akisikia haya hushtuka, na ana haki ya kushtuka. Kwetu, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, mwenye bunduki halali hununua risasi kwa kibali, na kutengeneza risasi bila leseni ni jinai.

Mimi nami nilishtuka. Lakini ukali ambao sikuuona dukani niliukuta gereji kwa jirani yangu, mzee mstaafu ambaye kila vuli huwinda elki, mnyama wa jamii ya kulungu ambaye dume lake hupita kilo 300. Bunduki yake ni .300 Winchester Magnum, aina iliyoingia sokoni mwaka 1963. Kasha la risasi 20 zenye kichwa kizuri hupita dola 50 bila shida, na miaka ya korona risasi na fataki ziliadimika nchi nzima. Hapo ndipo kujaza maganda upya kunapolipa. Ganda la shaba haliteketei. Kinachoungua ni fataki na baruti, na kichwa huenda zake. Anayeokota ganda lake amebaki na sehemu ghali ya risasi mkononi.

Kazi yenyewe si ngumu kuieleza. Ganda husafishwa, kisha hubanwa ndani ya kalibu kwa presi ya mkono ili lirudie umbo lake. Fataki iliyolipuka hung'olewa na mpya hupachikwa. Baruti hupimwa na kumiminwa, na mwishoni kichwa hukandamizwa kwenye shingo ya ganda. Ugumu uko kwenye kupima. Kipimo chao ni greni, na ratili moja ina greni 7,000. Mizani ya mzee husoma sehemu moja ya kumi ya greni, yaani chini ya miligramu saba. Anafuata kitabu cha vipimo kilichotolewa na watengenezaji wa baruti, anaanzia kiwango cha chini, na hathubutu kuvuka cha juu. Kikomo cha shinikizo la risasi hii ni psi 64,000. Tairi la gari dogo hujazwa psi 32 hivi: zidisha mara elfu mbili, kisha kumbuka kwamba shavu lako liko sentimita chache kutoka hapo.

Kwa hiyo mezani huwa na kopo moja tu la baruti, ili aina mbili zisichanganyike. Redio huzimwa. Mgeni kama mimi hukaa kimya hadi aambiwe aseme. Maganda yaliyokwisha kutiwa baruti hupangwa kwenye kibao chenye matundu, naye huyamulika kwa tochi safu kwa safu kuona kama kimo kinalingana. Likionekana moja lililojaa kuliko wenzake, au tupu, hilo hupimwa upya.

Maganda ya magnum yana maradhi yao pia. Mengi yana mkanda kwenye kitako, na asili ya mkanda huo inatuhusu. Holland & Holland wa London walitoa .375 H&H Magnum mwaka 1912, wakiwalenga wawindaji wa Afrika na India. Baruti ya wakati ule, kordaiti, ilikuwa na umbo la nyuzi ndefu, hivyo ganda likafanywa refu lenye mabega ya mteremko. Mabega hayo hayakuweza kulishikilia ganda vizuri ndani ya chemba, ndipo ukawekwa mkanda. Bunduki ya mzee imerithi mkanda huo hata kama mabega ya ganda lake ni ya kona kali na hayauhitaji. Mtu akiutegemea mkanda peke yake, ganda hutanuka kidogo juu yake kila linapopigwa, na shaba ya mahali hapo hukonda. Mzee ana waya aliokunja ncha. Anauingiza ndani ya ganda na kuukwaruza taratibu ukutani, juu kidogo ya mkanda. Waya ukinasa kwenye kijifereji, ganda hilo hupondwa kwa koleo na kutupwa, hata kama nje linang'aa.

Yote huandikwa daftarini: tarehe, aina ya baruti, uzito, ganda limejazwa mara ya ngapi, hali ya hewa, na matundu yalivyokaa kwenye shabaha. Hali ya hewa si pambo. Baruti nyingi zikipata joto hupandisha shinikizo, na kipimo kinachofaa Novemba ya Montana kwenye barafu kinaweza kuwa cha hatari Oktoba ya Selous. Mmarekani anayekuja kuwinda Tanzania na risasi alizojaza mwenyewe inambidi alijue hilo kabla hajapakia kilo tano ambazo mashirika ya ndege humruhusu abiria.

Na sisi kujaza bunduki kwa mkono si jambo geni. Babu zetu walishindilia gobore: baruti mdomoni mwa mtutu, kitambaa, vipande vya risasi, kisha mdeki wa chuma, na fataki mwisho. Kipimo kilikuwa jicho na mazoea. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulibana uingizaji wa bunduki za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika, huku zile za zamani za mtutu laini zikiachiwa mwanya. Serikali ya kikoloni ilikuwa na sababu zake za kuhesabu risasi za Mwafrika. Serikali huru ikaendelea kuhesabu kwa sababu nyingine: ujangili, na silaha zinazovuka mipaka kutoka kwenye vita vya majirani. Kenya wao walimaliza mjadala mwaka 1977 kwa kupiga marufuku uwindaji wenyewe. Tanzania iliufunga mwaka 1973, ikaufungua tena mwaka 1978.

Nilimpigia simu baba mdogo, askari wa wanyamapori mstaafu aliyefanya kazi Selous upande wa Liwale, nikamsimulia ya gereji.

"Na polisi wanajua?"

"Wanajua, Baba. Huku si kosa."

"Mwanangu, sisi tukipewa risasi tano tunarudisha tano, nzima au maganda. Ganda likipotea unakaa chini unaandika maelezo." Halafu akauliza swali ambalo limenikaa kichwani kuliko lile la polisi: "Huyo mzee wako akimjeruhi mnyama akapotea, anaandikiwa na nani?"

Haandikiwi na mtu. Mwindaji wa Montana anatarajiwa ajitahidi kumfuatilia mnyama aliyemjeruhi, lakini hakuna anayetembea nyuma yake kuona kama alijitahidi. Kwetu msafara wa uwindaji wa kitalii huambatana na askari wa wanyamapori, na mnyama aliyejeruhiwa huhesabiwa kama aliyeuawa: analipiwa hata asipopatikana. Kwa nyati na tembo bunduki iliyo chini ya .375 hairuhusiwi. Katika hilo wazee wa Montana wana la kujifunza Liwale.

Lakini ukilipindua swali, linatugeukia. Montana hakuna anayejua mzee ana risasi ngapi, ila yeye anajua kila moja itatua wapi. Kwetu kila mtu anajua una risasi ngapi, ila ni nadra mtu kuuliza kama unaweza kupiga. Mzee hupiga nyingi kiangazi chote kwa sababu ni zake na ni nafuu, na mazoezi hayo ndiyo faida kubwa ya kujaza maganda, kuliko hata dola anazookoa. Askari wetu mwenye risasi tano za kurudisha hawezi kuzifanyia mazoezi. Ikimkuta siku ya nyati aliyevamia shamba la mahindi, ndiyo mazoezi na ndiyo mtihani.

Sisemi tuanze kuuza baruti Kariakoo. Nchi yenye majangili ina haki ya kufungia baruti, na sioni sababu ya kuilegeza sheria ile. Ninachosema ni kwamba kuhesabu na kulenga havigombani. Norway wanayo njia inayotufaa kuitazama. Kila mwaka, kabla ya kuwinda wanyama wakubwa, mwindaji hupiga risasi za mazoezi zisizopungua 30, kisha hufanya mtihani: risasi tano kwenye shabaha ya mnyama umbali wa mita 100, zote zitue penye moyo na mapafu. Asiyefaulu haendi porini. Montana hawana mtihani wa namna hiyo. Aliyezaliwa baada ya tarehe 1 Januari 1985 lazima apite mafunzo ya uwindaji, basi.

Kwetu kikwazo kitakuwa gharama, maana risasi 30 za .375 kwa kila askari ni fedha nyingi. Lakini maganda tunayo. Ni yale yale ambayo kina baba mdogo waliyarudisha stoo na kuyasainia. Morogoro tunalo Shirika la Mzinga, kiwanda cha risasi cha serikali chenye ulinzi wa jeshi. Maganda yakipelekwa huko kwa hesabu, yakajazwa kwa ajili ya uwanja wa shabaha tu na kurudi kwa hesabu, hakuna baruti itakayomfikia raia. Askari atakayeitwa na wanakijiji usiku atakuwa amekwisha kupiga shabaha mara nyingi kabla ya kumpiga nyati, na mkulima anayemsubiri mlangoni atapata alichokiomba: risasi moja, mnyama mmoja, na hakuna nyati mwenye jeraha anayemvizia kesho yake kwenye njia ya kisimani.