Kalemie: Tanga lililolala miezi 3

Kalemie, jimbo la Tanganyika. Mvua zikikatika, upepo wa kusini unaanza kuchafua ziwa, na wavuvi wanajua kwamba siku za kukaa nchi kavu zimekaribia. Nchi 4 zinazozunguka Ziwa Tanganyika, yaani Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia, zilikubaliana kufunga uvuvi kwa miezi 3, tangu 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wapate nafasi ya kuzaa na kukua. Mitumbwi inavutwa mchangani, nyavu zinakusanywa, na wenye matanga wanayashusha.

Baba mmoja, ambaye vita vilimtoa kijijini kwake na sasa anaishi na jamaa yake pembeni ya mji, alishusha la kwake asubuhi mapema, kabla upepo haujaamka. Alimwambia kijana wake: « Upepo ukilikamata nusu, utalipasua, ama utakuangusha wewe. »

Tanga hilo ni shitingi mbili zilizoshonwa pamoja kwa uzi wa nyavu. Walilegeza kamba polepole, wakalishusha, wakalifungua kwenye mti wake. Wakalisafisha kwa maji ya ziwa na sabuni kidogo, kwa sababu harufu ya ndakala inaita panya. Wakalianika kivulini mpaka likauke kabisa, maana likiwekwa na unyevu linaota ukungu. Hawakulikunja: mahali pa kukunjwa, shitingi inakatika. Walilizungusha kwenye mti kama mkeka, wakalifunga na kulitundika chini ya paa, mbali na ardhi. Baba alihesabu: likifika Agosti likiwa zima, watoto watasoma.

Mwezi wa 6, mama mmoja alifika karibu na hapo na watoto 3. Alikuwa ametembea siku nyingi, na mgongoni hakuwa na kitu isipokuwa mtoto mdogo. Usiku wa kiangazi hapo ni wa baridi, na upepo wa ziwa hauna huruma. Siku ya pili mke wa mvuvi alitazama juu ya paa.

« Baba watoto, shitingi iko juu inalala. Watoto wa watu wako chini wanalala. »

« Mama watoto, hiyo si shitingi. Ni jembe langu. Jua la miezi 2 litaikausha, itapasuka kama jani. Agosti tutakula nini? »

Mke hakujibu. Jioni hiyo chakula kiliandaliwa, lakini maneno hayakuwapo. Wote wawili walikuwa na haki, na hilo ndilo lililofanya nyumba iwe nzito. Wao wenyewe, siku walipofika Kalemie, walilala chini ya shitingi ya mtu mwingine.

Asubuhi mvuvi alichukua panga, akaenda na kijana wake kukata majani. Walirudi wakiwa wamebeba mafungu. Alilishusha tanga, akalitandaza juu ya miti ya kibanda cha yule mama, kisha akalifunika lote kwa majani, tabaka nene, mpaka pasionekane hata sehemu moja ya plastiki. Jua lilipiga majani, tanga likabaki kivulini, na watoto wakalala bila kupigwa na upepo. Alimwomba mama huyo jambo moja tu: moto uwashwe nje, cheche moja inatosha kulimaliza.

Kiangazi ndicho wakati wa kujenga. Wiki kwa wiki, majirani walisaidia kukanyaga udongo na kusimamisha kuta, na majani yakaongezwa juu. Kabla ya tarehe 15 Agosti, yule mama mwenyewe alilitoa tanga, akalisafisha na kulirudisha likiwa limezungushwa kwenye mti wake, kama alivyoonyeshwa. Lilikuwa na tundu moja, pahali lilipochomwa na mti. Mke wa mvuvi ndiye aliyelishona kiraka, pande zote mbili.

Siku ya kufungua ziwa, tanga lilipandishwa na likashika upepo. Kiraka kilionekana toka mbali. Jioni, fungu la kwanza la ndakala halikwenda sokoni. Lilipelekwa kwenye nyumba mpya ya udongo, na kijana aliyelipeleka alirudi na sahani tupu iliyooshwa.