Viti Vitazame Mlango

Kutoka Butembo hadi Beni ni kilomita hamsini na kitu kwa barabara ya taifa namba 2, mashariki mwa Kongo, lakini hali ya watu inabadilika zaidi kuliko umbali wenyewe. Butembo iko juu, zaidi ya mita 1,700, na baridi yake ya asubuhi haikuachi uvue koti. Ni mji wa wafanyabiashara: mtu anakutajia bei ya kontena la Guangzhou kabla hajakuuliza jina. Beni iko chini, kuna joto, kakao imeanikwa kando ya njia, na jua likianza kushuka kila mtu anataka awe amefika kwake.

Nilikuwa nimetokea Nairobi, na kichwani nilibeba yoga. Kule Parklands nilitembelea Africa Yoga Project, shirika lililoanza mwaka 2007, ambalo limewafanya vijana wengi wa mitaa ya mabanda kuwa walimu wanaolipwa. Mikeka imepangwa safu kwa safu, muziki uko juu, jasho linatiririka. Nilipenda. Ila yoga ninayoisoma katika mafundisho ya Patanjali, mwanafalsafa wa kale wa India, ina hatua nane, na mikao ya mwili ni ya tatu tu. Pumzi ni ya nne. Ya kwanza kabisa ni namna ya kuishi na wenzako: usidhuru, sema kweli, usiibe, jizuie, usijilimbikizie.

Hapo ndipo anayetaka kuifanya falsafa hii kuwa tiba ya akili huku Beni na Butembo anapokwama. Hatua ya kwanza haimtegemei mgonjwa peke yake. Tangu Oktoba 2014 watu wa Beni na vijiji vyake wameuawa kwa mapanga na risasi, wengi wakiwa mashambani, katika mashambulizi ambayo kwa sehemu kubwa yanahusishwa na ADF, kundi la waasi lenye asili ya Uganda. Mwaka 2014 huohuo, daktari wa akili Bessel van der Kolk na wenzake wa Boston walichapisha utafiti juu ya wanawake 64 waliokuwa na kiwewe sugu. Baada ya wiki 10, asilimia 52 ya waliofanya yoga hawakuhesabika tena kuwa na ugonjwa huo, dhidi ya asilimia 21 ya kundi la kulinganishia. Takwimu nzuri. Lakini mama wa Beni anayefundishwa kupumua leo, kesho anaweza kukimbia akiwa na mtoto mgongoni.

Butembo nilikuta pingamizi la aina nyingine. Wengi kule wananusa dini ngeni katika neno yoga, na mchungaji mmoja aliniambia hayo ni mapepo. Na Wahindi ambao mji uliwaona kwa karibu hawakuwa walimu wa kutafakari. Walikuwa polisi wa MONUSCO, kikosi cha Umoja wa Mataifa cha kulinda amani. Wawili kati yao waliuawa hapo Julai 2022, katika maandamano ambayo raia nao walipoteza maisha. Sikubishana na mchungaji. Niliingia parokiani jioni, wamama wakisali rozari.

Mwaka 2001 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilichapisha kazi ya mtafiti Luciano Bernardi wa Pavia, Italia. Aliwapima watu 23 wakisali Salamu Maria kwa Kilatini, kisha wakirudia mantra ya Kibudha. Mara zote mbili pumzi zilishuka hadi karibu sita kwa dakika, na mapigo ya moyo yakaenda nazo. Nilikaa nyuma ya mama mmoja mwenye kitenge cha kijani, nikatazama mabega yake. Upande mmoja wa kanisa ulianza, upande wake ukajibu. Wenzake waliposema, mabega yalipanda, na alipojibu yalishuka taratibu mpaka amina. Sidai zilikuwa pumzi sita. Wamama wa Butembo husali haraka, kama watu wenye duka la kufungua. Lakini mganga wa akili akianzia hapo, hana haja ya kuuza neno jipya.

Beni nilikaa na msaidizi wa kisaikolojia, APS kama wanavyomwita, mama aliyeanza kazi wakati wa Ebola. Mlipuko ule ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ukaisha tarehe 25 Juni 2020, ukiwa umeua watu 2,287. Aliwahi kufundishwa mazoezi yanayoishia kwa kulala chali, macho yamefumbwa, mwili umelegea. Aliyaacha. Waliolala hivyo mbele ya watu wake walikuwa ni wale waliochinjwa, au waliofungwa kwenye mifuko ya plastiki na kuzikwa na watu wenye vinyago. Sasa wanakaa vitini, na viti vinatazama mlango. Macho wazi, nyayo zinakandamiza sakafu, mkono juu ya tumbo, na pumzi inayotoka iwe ndefu kuliko inayoingia. Anayesikia sauti humpeleka kwa daktari apate dawa. Kwake kupumua si mbadala wa dawa, na alilisema hilo kwa ukali kidogo, kana kwamba wageni wameshamchosha.

Nilimwuliza anahitaji nini, nikitarajia mikeka au mwalimu. Alitaja viti zaidi, maana wajawazito na wazee hawakai chini, kisha nauli ya pikipiki kwa wanaotoka mbali, na kikao kianze saa tatu asubuhi ili saa sita kila mtu awe ameshashika njia ya kwake.