Nyumba ya Magurudumu

Barabara ya Alaska, iliyojengwa mwaka 1942, huanzia Dawson Creek, Kanada, na kwenda kaskazini zaidi ya kilomita 2,000. Tulipoazimia kuipita wakati wa theluji katika gari lenye vitanda na jiko ndani, usidhani, msomaji, kuwa matayarisho yalikuwa kukunja mablanketi tu. Maji tuliyaondoa katika mabomba yote, kwani maji yagandapo hutanuka, na bomba hupasuka. Ya kunywa tukayatia madebeni. Gesi tulichukua propani, maana butani hugoma kuwa mvuke penye baridi ya nyuzi sifuri.

Lakini shauri kubwa lilikuwa la matundu ya hewa. Mwenzangu alikwisha shika matambara ayazibe, kwa kuwa baridi ya huko haina huruma. Nilimzuia. Jiko liwakalo katika chumba kilichozibwa huweza kutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Wewe uliyepata kulala na jiko la makaa Limuru mwezi wa Julai ulikuwa jirani yake. Nasi tulikuwa na watoto wawili. Tukatundika kengele ya kuihisi sumu hiyo, tukaacha matundu wazi, tukawaongezea watoto blanketi la nne.