Njiti Ndefu, Njiti Fupi

Katika duka la mjomba, Kariakoo, antena za VHF zilikuwa na njiti zinazokaribia sentimita 80. Za UHF hazikuzidi 35. Mteja aliulizwa anakaa wapi na anataka stesheni zipi, ndipo akapewa inayomfaa. Mzigo ulitoka China, na sehemu kubwa haikuishia Dar es Salaam. Wafanyabiashara wa Lubumbashi, Lusaka na Bujumbura waliununua kwa jumla wakaupakia kwenye malori.

Makubaliano ya Geneva ya mwaka 2006 kuhusu utangazaji wa dijitali ndiyo yaliyovuruga hesabu zetu. Ukomo wa analojia uliwekwa 17 Juni 2015, lakini nchi kadhaa za Afrika ziliruhusiwa kubaki na VHF hadi 2020. Tanzania haikungoja: Dar es Salaam mitambo ilizimwa 31 Desemba 2012. Watu wakahangaika kutafuta ving'amuzi, nasi tukabaki na shehena ya njiti ndefu, maana dijitali ilikuja kwa UHF.

Zikaingia antena zilizoandikwa kwenye boksi kuwa ni za dijitali, bei juu. Mjomba alifungua moja, akaigeuzageuza.

"Hii si ile ile ya UHF?" akaniuliza. "Mwenye yake nyumbani mwambie aijaribu kwanza."

Alikuwa sahihi. Antena hunasa masafa. Kiwango kipya cha DVB-T2 husomwa na king'amuzi au televisheni yenyewe. Tulikosa mauzo kadhaa kwa ukweli huo, lakini tukapata mengine. Enzi za analojia mtu alivumilia chenga mradi asikie taarifa ya habari. Dijitali haina chenga: picha ni safi, au inaganda na kupotea. Waya mbovu na antena iliyoelekezwa ovyo vikaumbuka, na mafundi wakaanza kununua waya bora na busta zaidi kuliko zamani.

Njiti ndefu nazo hazikuoza stoo. "Mama, kwetu ingali ile ya zamani," aliniambia mteja wetu wa Lubumbashi, akachukua mzigo mzima. Tangu hapo mjomba hakuagiza antena kabla ya kujua nchi ya mnunuzi itazima lini, na mitambo mipya itatumia masafa gani. Botswana ilipochagua kiwango cha ISDB-T mwaka 2013, huku majirani wengi wakifuata DVB-T2, king'amuzi cha Gaborone hakikufaa Lusaka. Antena ya UHF ilifaa kote kuwili.

Siku hizi duka ni langu, na ungo umekula sehemu ya soko letu. Sehemu ya juu ya UHF nayo imegawiwa simu, hivyo oda zangu huandikwa megahezi 470 hadi 694. Neno "dijitali" kiwanda kikitaka kitaliandika chenyewe kwenye boksi, mimi silipii.