Daftari na Mashine



Wengi wenu mmetuuliza ni kwa namna gani watu watatu wasio na mtaji wanaweza kuanzisha kazi ya kutunga programu za kompyuta hapa Lubumbashi. Mara nyingi tumewajibu kwa kueleza habari za fedha. Leo tunapenda kuwajibu kwa kusimulia jambo moja lililotupata, kwa kuwa ndilo lililotufundisha kazi yenyewe ni nini.

Tulianza na kompyuta mbili zilizokwisha kutumika, pamoja na betri moja ya kutuvusha saa za kukatika umeme. Hatukukopa, wala hatukutafuta tajiri wa kutuwekea fedha, maana hatukutaka kusukumwa na haraka ya mtu mwingine. Tulitunga programu moja tu, ya kuhesabu akiba, mauzo na madeni katika maduka madogo ya dawa. Ilipaswa kujua kwamba mteja mmoja hulipa nusu kwa dola na nusu kwa franka, kwamba bei ya dola hubadilika, na kwamba intaneti ikikosekana duka halifungwi. Kwa sababu hiyo kila kitu kilihifadhiwa ndani ya kompyuta ya duka lenyewe. Kila duka lilitulipa dola 15 kwa mwezi. Tulipofikisha maduka 11, tuliweza kulipa kodi ya chumba na kugawana kilichobaki, kidogo lakini cha halali.

Kwa kuhifadhi hesabu hizo tulitumia SQLite, ambayo D. Richard Hipp alianza kuitunga huko Marekani mwaka 2000. Leo imo ndani ya simu tunazobeba mifukoni, na kila mtu ana ruhusa ya kuitumia bila malipo. Wanaoitunza ni kikundi kidogo sana, nao wametangaza nia ya kuendelea kuitunza hadi mwaka 2050. Wateja wao walipowataka waandike kanuni za mwenendo wao, walichagua mashauri yaliyomo katika Kanuni ya Mtakatifu Benedikto. Habari hiyo ilitufurahisha mno. Tuliisimulia kila mahali, kana kwamba sifa yao ilikuwa yetu.

Basi, usiku wa Jumapili moja umeme ulirudi kwa nguvu nyingi ukaunguza kompyuta ya mteja wetu, mama mmoja mwenye duka la dawa. Jumatatu tulimletea kompyuta nyingine, tukarudisha hesabu zake kutoka katika nakala iliyofanywa Jumamosi jioni. Mama alitushukuru sana, nasi tukaenda zetu tukijisifu. Jumanne alipohesabu dawa, rafu hazikulingana na mashine. Zilikosekana dawa za dola 180, wala hapakuwa na fedha wala deni lililoandikwa. Binti aliyekuwa akiuza dukani alieleza kwamba wateja walizichukua kwa deni Jumamosi alasiri, na kwamba aliwaandika wote. Aliyakumbuka majina matatu, mengine hakuyakumbuka. Mama alimjibu, «Mtu husahau na mtu hudanganya. Mashine haisemi uongo.» Akamfukuza siku hiyo hiyo.

Zamani madeni yote ya duka lile yaliandikwa katika daftari. Sisi ndio tuliomshauri mama alifunge.

Usiku wa Jumanne tuliichunguza nakala yetu. Katika mpangilio tuliouchagua, SQLite haiandiki jambo jipya moja kwa moja katika faili kubwa. Huliweka kwanza katika faili ndogo ya pembeni, kisha baadaye huliingiza katika ile kubwa. Mpango huo ni mwema, na watungaji wake wameeleza wazi kwamba faili hizo mbili hazitenganishwi. Sisi hatukuwa tumesoma kwa makini. Nakala yetu ya kila jioni ilichukua faili kubwa peke yake. Maandishi ya binti yule yalikuwa katika ile ndogo, nayo iliungua pamoja na mashine. Alikuwa amesema kweli, na katika mji mzima ni sisi watatu tu tuliojua.

Hakuna hata mmoja wetu aliyesema tudanganye. Tulisema tu kwamba tungoje. Mama yule alikuwa amekwisha kututaja kwa wenye maduka wengine wawili, na wiki ile walikuwa waamue. Tulijiambia kwamba tukipata maduka hayo tutakuwa na uwezo wa kumlipa vizuri zaidi. Ijumaa mmoja wetu alimkuta binti yule sokoni, amekaa kando ya mama yake auzaye mkaa. Hakutulaumu. Aliuliza tu, «Kaka, mashine yenu haikumbuki hata kidogo?»

Jumamosi asubuhi tulikwenda dukani wote watatu, tukaeleza kila kitu. Mama alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, «Wanangu, fedha zitarudi. Lakini mmeniacha nimwite mtoto wa watu mwizi siku nne.» Hatukuwa na jibu, wala mpaka leo hatuna.

Alikwenda mwenyewe sokoni kumrudisha binti, nasi tulimfuata, tukamwomba msamaha mbele ya mama yake. Zile dola 180 tulizilipa kidogo kidogo kwa miezi sita. Tuliwaandikia wateja wetu wote 11 tukiwaeleza kosa, nao wawili wakatuacha. Maduka mawili tuliyoyangojea hayakuja. Siku hizi nakala huchukuliwa kwa njia iliyo sawa, na kila mwezi tunairudisha katika kompyuta nyingine ili tuhakikishe kwamba inasomeka, maana nakala isiyojaribiwa ni tumaini tu. Daftari la madeni nalo limerudi mezani, kando ya mashine.

Vijana wapendwa, katika kazi ndogo kama hii hakuna mkubwa wa kumtupia kosa. Aliyetunga ndiye anayeuza, na aliyeuza ndiye anayeitwa. Uhuru tulioutafuta ndio huo, nao ni mzito kuliko tulivyofikiri. Ujuzi wetu ulipungua mahali pamoja, tukaurekebisha kwa usiku mmoja. Kusema kweli kulituchukua siku nne.

Binti yule bado anafanya kazi pale. Hutusalimu kwa heshima. Lakini mteja akichukua dawa kwa deni, huandika kwanza katika daftari, ndipo hugusa mashine.

Mkikutana katika vikundi vyenu, jiulizeni: katika kazi tunayoifanya au tunayoitamani, ni nani atakayeaibishwa kwa kosa letu tukinyamaza?