Neno la Mwisho Kando ya Uwanja

Sehemu kubwa ya umri wangu nimekuwa mtabibu wa wanamichezo katika vyuo vya Marekani, na jambo ambalo kazi hii imenithibitishia kuliko mengine yote ni kwamba anayeamua kama mchezaji aendelee au atoke asiwe yule anayeuhitaji ushindi. Watu wakituona pembeni hudhani sisi ni wabeba maji na wafunga bandeji. Kufunga tunafunga: plasta inaanzia juu ya kifundo cha mguu, inapita chini ya unyayo na kupanda upande wa pili, kisha inazungushwa kisiginoni ili mguu usipinde. Mikono iliyozoea hufanya hivyo huku mdomo ukipiga soga. Uzito wa kazi uko kwenye uamuzi.

Januari 2, 2023, Damar Hamlin, mchezaji wa timu ya futiboli ya Marekani ya Buffalo Bills, alianguka uwanjani Cincinnati, moyo ukasimama. Mtabibu msaidizi wa timu, Denny Kellington, akamkandamiza kifua, na nchi nzima ikamsifu. Alistahili. Lakini usiku ule hapakuwa na wa kumbishia. Anayetutoa jasho ni mchezaji aliyepigwa kichwani, kasimama, anaongea, na anataka kurudi. Oktoba 2006, huko jimbo la Washington, Zackery Lystedt, mvulana wa miaka 13, aligonga kichwa, akapumzishwa, akarudishwa mchezoni siku hiyohiyo. Mchezo ulipokwisha alizimia kwa damu iliyovuja kichwani. Alinusurika, akiwa na ulemavu. Mwaka 2009 jimbo hilo likapitisha sheria yenye jina lake: kijana anayeshukiwa kutikisika ubongo atoke, na asirudi bila idhini ya maandishi ya mtaalamu wa afya. Kufikia 2014 majimbo yote yalikuwa na sheria ya namna hiyo.

Wanaopinga husema mchezaji mtu mzima anaujua mwili wake. Kwa goti, naam, na mara nyingi tunamsikiliza yeye kwanza. Kwa kichwa, kiungo kinachoulizwa ndicho kilichoumia. Husemwa pia kwamba kocha amemlea kijana miaka mingi, na ni kweli kwamba kocha huwa wa kwanza kugundua mwendo uliobadilika. Atuambie, tutashukuru. Ila ugali wake unategemea matokeo ya Jumamosi. Kuhusu madai kwamba tutawaweka watu benchi kwa woga, anayesema hivyo hajatuona siku za katikati ya wiki: kutwa tunawarudisha watu uwanjani, hatua kwa hatua. Aliyetikisika ubongo hupitia mazoezi mepesi kabla ya kugusana na wenzake, na kila hatua huchukua angalau saa 24.

Pingamizi lenye nguvu ni kwamba hata sisi tunalipwa na timu hiyohiyo. Sina jibu rahisi. Mwaka 2016 ligi kubwa tano za michezo ya vyuo ziliweka kanuni kwamba kocha hana mamlaka ya kuupinga uamuzi wa kitabibu. Ni hatua kubwa, ila kanuni haimpi mtu ujuzi. Mei 2018 Jordan McNair, mchezaji wa Chuo Kikuu cha Maryland, alizidiwa na joto mazoezini. Watabibu walikuwepo, lakini hakuingizwa kwenye maji ya barafu, akafa wiki mbili baadaye. Joto la mwili likipita nyuzi 40 na mtu akaanza kuchanganyikiwa, hupimwa kwa njia ya haja kubwa, maana kipimo cha mdomo au kwapa hudanganya. Huzamishwa kwanza, hospitali baadaye, na nusu saa ya kwanza ndiyo inayoamua. Chombo chenyewe ni beseni kubwa, maji na barafu, vitu ambavyo hata shule isiyo na fedha inaweza kuvipata. Takriban theluthi moja ya sekondari za Marekani hazina mtabibu wa michezo kabisa, na huko beseni hilo, kama lipo, linamsubiri kocha akumbuke.